Chumvi ya Uvinza

Fundi Ntakije kalala chini ya Korola, miguu nje,
soksi moja ya bluu, ya pili haipo.
Anagonga sakafu kwa bisibisi
na bisibisi inapita,
inatokeza ndani, pembeni ya klachi,
kama panya aliyechungulia akakuta wageni.
"Dada Butoyi," sauti inatoka chini,
"hili gari linashikiliwa na rangi."

Najua ilikoanzia.
Miaka kumi na moja baba alilipakia chumvi,
magunia manne nyuma, moja kiti cha mbele
limefungwa mkanda kama abiria,
Uvinza hadi Ujiji, lami ikiwa bado ahadi.
Masika magunia yalitoa jasho,
jasho likashuka kwenye kapeti,
chini ya kapeti, chini ya rangi,
likakaa.
Chumvi hiyo ilinisomesha uuguzi.
Ilihifadhi migebuka ya watu mpaka Kasulu
ikamla mbebaji wake.

Kaka yangu Bukuru alipiga simu kutoka Mpanda:
"La kuvunda halina ubani. Lipime kwa kilo, uza."
Mimi nalipima kwa mizani nyingine:
Gungu mpaka Maweni, saa kumi na moja alfajiri,
siku sita kwa wiki,
na halijawahi kuniomba kitu ila maji.

Jumamosi tulilivua kapeti.
Grainda ikalia, cheche zikaruka
hadi karibu na beseni la muuza mihogo;
akasogeza beseni, hakusema neno.
Bati bovu lilimomonyoka mkononi
kama mkate uliosahauliwa juu ya kabati.
"Usipoziba ufa..." nikaanza.
"Usinimalizie," Ntakije akacheka,
"mimi watoto wangu wanakula kwenye hizo kuta."

Ndani ya kizingiti, mlango wa kushoto,
alikuta donge la kijivu, gumu,
kubwa kama ngumi ya mtoto mchanga.
Akanipa bila kuuliza.
Nikaligusisha ulimi.
Kali.
Baba ana miaka tisa kaburini
na chumvi yake bado kali.
Sasa limo kwenye kopo jikoni.
Sijaamua kama ni la mboga.

Umeme ukakatika bati jipya likiwa limeshikwa nukta tatu tu.
Tukanywa chai.
Ukarudi.
Puti nilikataa: puti ni poda ya usoni,
nataka mfupa.
Alinuna kidogo, akachomelea mshono mzima,
msasa, rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mikono miwili,
na oili chafu kwenye kila tundu ambalo kidole hakifiki.

Miguu ndiyo ilikuwa aibu.
Bushi zimeliwa mpaka chuma kinasugua chuma,
boljoint inacheza kama jino la mtoto wa darasa la pili,
shokomzoba za mbele zimelia mafuta yakaisha;
ukibonyeza boneti, gari linaitikia mara nne, mara tano,
kama mtu anayekubali asichokielewa.
Vifaa vilikuja na treni, vimeviringishwa kwenye gazeti la mwezi uliopita.
Nyuma kulia tuliacha.
Hela ziliishia nyuma kushoto.

Jumatatu, giza bado, nashuka mteremko wa Mwanga,
ziwa chini halionekani, linanuka tu.
Gari kimya.
Nikazima redio nisikilize, na redio haikuwa imewashwa.

Hamimu mlinzi miaka yote amenifungulia
kwa kusikia ko-ko-ko pale konani,
kabla taa hazijafika.
Leo geti limefungwa.
Nikapiga honi.
Akatoka na tochi, akamulika namba, akanimulika uso,
macho ya usingizi:
"Wewe nani?"

Nikasogea mbele kidogo.
Gurudumu la nyuma, la kulia, likadumbukia shimoni:
ko.

"Aa," akasema, akitafuta funguo. "Nesi."