Sentimita Kumi na Moja

Batambuze alipima kwa rula ya shule ya mwanawe,
ile iliyotafunwa pembeni:
kutoka pale kidole kilipoachia kitufe
hadi pale robota la pamba liliposimama,
sentimita kumi na moja.
Juzi zilikuwa tatu.

Juzi hapakuwa na diodi.

Niliifunga mimi, usiku, kiwanda cha Njeru kimelala,
simu inayomulika nimeiuma kwa meno,
maana rilei zilikuwa zinakufa, moja kila wiki mbili,
ncha zake zimeungua kama ukoko wa posho,
na Bi Kagoya wa uhasibu ameanza kuniuliza
kama rilei ninazila.

Koili haipendi kukatwa kauli.
Ikatie umeme ghafla, itasema neno lake la mwisho
kwa volti mia nane,
nawe uliilisha ishirini na nne tu.
Ndivyo bomba la kwangu Masese linavyogonga ukuta
ukifunga koki kwa hasira:
maji yalikuwa safarini,
nani aliyeyaambia?

Diodi huupa mkondo njia ya kurudi.
Cheche hakuna, harufu hakuna.
Lakini mkondo unazunguka, unazunguka,
mgeni aliyekwisha aga na bado kashika mlango,
na sumaku, kwa adabu, haiachii sahani,
na springi inangoja,
na breki inangoja,
na robota linashuka.

Chini yake alikuwa Tenywa, mkono kwenye ndoano.
Aliuchomoa.
Hakusema kitu. Alikwenda kunywa maji,
akakaa huko muda mrefu kuliko kiu.

Nikarudi kwenye daftari.
Bila kitu: breki hodari, rilei marehemu.
Kwa diodi: rilei salama, breki mzembe.
Nilikuwa nimechagua kumfurahisha mhasibu
na chuma kikanijibu kwa niaba ya Tenywa.

Batambuze, mdomo umejaa njugu, akasema:
Usiizibe. Iache ipige kelele,
ila uichoree mstari.

Jumamosi nikapanda kwenda Kampala
kununua varista: kidonge cha buluu chenye miguu miwili,
bei yake haifiki sahani ya matoke.
Volti ikipanda hadi kwake, humeza;
chini ya hapo hulala.
Ghadhabu ya koili ina ukomo sasa,
lakini inaisha upesi, na springi inakwenda kazini.

Diodi sikuitupa.
Niliihamishia rilei ya taa ya onyo.
Taa ikichelewa kuzimika, haimkati mtu kidole.

Jumatatu, rula ile ile.
Sentimita nne.
Si tatu; nimeiandika hiyo moja,
na tarehe, na jina langu.
Ncha zitaungua bado, polepole,
na Bi Kagoya ataniita tena, labda Krismasi.

Tenywa anaongoza ndoano kwa fito siku hizi.
Sijamwambia aiache.