Kilo Nane

Lethi yangu iko Shimanzi, nyuma ya godauni la magunia,
mahali ambapo vumbi la simiti hutua kwenye chai
kabla ya sukari.
Hapo ndipo Feruzi alipokuja na flaiwili mbili
amezifunga kikoi kimoja, kama mapacha.

Ya kwanza ndiyo gari lilitoka nayo kiwandani:
chuma cha kalibu, uso umebabuka,
madoa ya buluu pale klachi ilipoteleza ikaungua,
na nyufa nyembamba kama za chungu kikuukuu.
Ya pili mpya, alumini,
yang'aa kama sinia la harusi.
"Presha pleti nshanunua," akasema, "ngumu, yauma kama papa.
Sasa nataka gari lipumue. Nichagulie, Shali."

Sikumjibu. Nilizipeleka kwa jirani anunuaye vyuma chakavu,
nikaziweka kwenye mizani yake.
Kilo nane na robo.
Kilo nne kasoro.
Feruzi akacheka: "Waona? Nusu ya mzigo!"
Nikamuuliza, mzigo wa nani?

Injini haisukumi mfululizo.
Husukuma kwa vishindo:
kishindo, kimya, kishindo, kimya,
na katika kile kimya
ni uzito huu unaokumbuka kuzunguka.
Ukiupunguza, gari hupanda moto kwa kuguswa tu
na hupoa vivyo hivyo;
ukiachia klachi kwa pupa, lazimika
huku lakutazama.

Si kwamba nachukia vyepesi.
Mwaka niliooa nilichonga ya kwangu mwenyewe,
nikaikwangua mpaka ikawa kama chapati,
na usiku, barabara ya Nyali ikiwa tupu,
ile Korola ilikuwa kama imevuliwa viatu.
Naapa, sijapata kuwa kijana kama usiku ule.
Asubuhi yake nikashuka feri Likoni,
mke wangu kando, kabati juu ya keria,
maji yamekupwa, rampu imesimama kama ukuta.
Likazimika mara moja. Mara mbili.
Nyuma yangu honi, mbele yangu mlima wa zege.
Mara ya tatu wapita njia walisukuma;
mama mmoja mwenye beseni la viazi karai kichwani
alisukuma kwa mkono mmoja
huku akiniuliza habari za nyumbani.

"Ijumaa nani hushika usukani?" nikamuuliza Feruzi.
Akakuna shingo.
"Mama."
Mamake ni Bi Mwanahawa wa Mtongwe, mpishi wa harusi:
sufuria tatu za pilau nyuma,
wasaidizi wawili, gunia la makaa,
na rampu ileile.

Akaitazama ile alumini muda mrefu
kama mtu aliyerudishiwa posa.
"Kwani mimi," akasema polepole, "sina siku yangu?"
Hilo sikuwa na jibu lake.

Nikaifunga ile nzito kwenye lethi.
Nilikwangua unywele mmoja, kisha mwingine,
buluu ikaondoka, ufa mmoja ukakaidi,
nikarudi tena,
mpaka uso ukawa kama maji ndani ya bakuli.
Nikamwambia abadilishe boliti zote, asizirudie kuukuu,
na kabla ya kufunga diski afute alama za vidole,
maana klachi haipendi jasho la mtu.

Alilipa. Akaifunga kikoi, akaibeba begani.
Ile nyingine akaiacha juu ya meza.
"Niwekee," alisema. "N'takuja kuitwaa."
Lini, hakusema.

Nimeitundika kwenye ekseli iliyovunjika, karibu na dirisha.
Siku ambazo umeme umekatika na lethi imelala
huipiga kwa kidole.
Yaruka! Kidole hakijaondoka, tayari yazunguka,
na mwangaza wa nje wakimbia ukutani.
Nahesabu.
Sijawahi kufika ishirini.