Mia Sita

Tuliitoa Molo, chini ya kibanda cha mahindi,
kuku wawili wametaga kwenye kiti cha dereva.
Mwenyewe akaniuzia gari, mayai akayatoa kwanza,
akiyahesabu.

Fiati Mia Sita, ya mwaka wa sitini na tatu,
rika moja na bendera.
Bodi imeliwa na kutu; ukipenyeza kidole sakafuni
unagusa majani. Nikalipa.
Dada yangu Jebiwott akaniuliza taratibu
kama nimepimwa kichwa hivi karibuni.

Miaka miwili na miezi minne
Nderi wa gereji ya Shabab aliifungua, akaifunga,
akaitukana kwa Kikuyu, akaiomba radhi kwa Kiswahili.
Kabureta aliilaza kwenye mafuta ya taa
ndani ya sufuria ya mkewe
(siku hiyo na yeye alilala gereji).
Bushi alizichonga mwenyewe,
maana spea za Italia huja
kama mvua ya Baringo: kwa habari.

Makhulo alishona viti.
Chini ya kile cha nyuma, kati ya springi na makumbi,
akakuta risiti ya kupimia pareto:
kilo kumi na moja na nusu, Februari, sabini na moja.
Jina limefifia. Imebaki "Tap" na mkia wa herufi.
Nani huyo aliyevuna maua meupe,
akaketi nyuma na vumbi lake,
akaelekea wapi na pesa za kilo kumi na moja?
Nikamwambia Makhulo: irudishe ulipoitoa.
Shona juu yake.

Basi sasa ina rangi ya chai iliyozidi maziwa
na watu huniuliza naipendea nini.
Si mbio. Ikifika sitini inatetemeka
kama kifuniko juu ya maharagwe,
na malori ya Malaba yakinipita
usukani wote huomba dua.

Naipenda milango yake inayofunguka kinyume:
unatanguliza makalio, miguu baadaye,
kwa adabu, kama uliyefika kwa wakwe.
Naipenda kwa kubeba injini mgongoni.
Watoto wa mtaa wakafunua mbele,
wakakuta tangi, betri, gurudumu la akiba,
wakanikimbilia hadi jikoni:
"Mwalimu! Mwalimu! Wameiba injini!"

Naipenda kwa kutojua kuficha ugonjwa.
Plagi ikichoka, inakohoa. Klachi ikiisha, inanuka.
Haina taa ya njano ya kunitisha usiku
kisha nilipe mtu mwenye kompyuta anitafsirie.
Hata geji ya mafuta ilikufa, Nderi akashindwa,
nami napima kwa ufito wa mwiko
kama mpishi.

Kupanda Menengai haijawahi kunifikisha juu bila kituo.
Rejeta inatema, nasimama, nafunua nyuma ipumue,
nakaa nyasini nusu saa.
Miaka kumi na tisa nimefundisha hesabu mjini humu
na sikuwa nimewahi kukaa hapo
kuona jinsi ziwa lilivyovuka ua wake
likaingia mashambani, likameta,
kama jibu lisilolingana na swali.

Sajini mmoja njia ya Njoro alinisimamisha,
akaizunguka mara mbili, mikono nyuma.
Leseni hakuitaka.
"Inaingia watu wangapi?"
Wanne, wakipendana.
Akacheka peke yake, akaondoa misumari.

Jumapili, baada ya kanisa,
Jebiwott huja na kitambaa chake kichwani,
husimama kando ya gari kama aliyepita njia tu.
"Kuna mahali unakwenda?"
Hakuna.
"Haya," anasema, na tayari ameshakaa,
miguu bado iko nje.