Kwenda Kulia

Kazi yangu ni kujigonga ukutani.
Ghorofa ya tatu, Amagasaki, dirisha linatazama kiwanda cha boliti,
na mimi tangu saa tatu asubuhi namrusha Hayakichi
kwenye kila tofali la hatua ya sita,
nikitafuta ufa ambao mtoto wa watu ataangukia
akabaki humo, miguu ikichezacheza, mpaka azime mashine.

Huu ni mchezo wa tisa.
Katika wa kwanza alikuwa na rangi nne na kofia isiyo na uso.
Wa tatu ukampa upanga, wa tano ukampa mbwa,
wa saba tusiuzungumze.
Sasa ana vinyweleo. Jasho linamtiririka kwa hesabu,
mawingu nyuma yake yamepangwa tabaka kumi na moja,
ila njia ni ile ile:
anatokea kushoto, anakwenda kulia.
Miaka thelathini na minne anakwenda kulia
na hajalia hata mara moja.

Sauti yake ya kuruka ilikuwa ya baba yangu.

Baba hakuwa mwigizaji. Alikuwa mhasibu,
Muneharu wa chumba cha risiti,
mtu ambaye yeni moja ikipotea halali, na nyumba nzima hailali naye.
Siku ile fedha za kumlipa mwigizaji zilikuwa zimekwisha
(yeye ndiye aliyesema zimekwisha),
wakamwita stoo, wakamfunika blanketi pamoja na maikrofoni,
wakamwambia: sema "Hem!", kama mtu anayeruka mtaro.
Alikuwa na mafua. Ikatoka "Heb!"
Wakacheka, wakaiacha, wakaenda kula tambi.

Basi shujaa wa watoto wa nchi nzima
akawa na mafua tangu mchezo wa kwanza hadi wa nane,
akiruka mashimo ya moto, Heb!
akiruka papa, akiruka migongo ya treni, Heb! Heb!
na mimi darasa la pili nikiwaambia wenzangu
huyo ni baba, nao wakisema mwongo wewe,
baba yako ana kitambi.

Februari tulileta majivu yake nyumbani.
Machi wakaleta sauti mpya,
kijana wa Tokyo, koo safi kama glasi iliyosuuzwa mara mbili.
Niliandika ripoti, namba 2216: Sauti ya kuruka si yake.
Bwana Okitsu, mkurugenzi, rika langu,
aliyelelewa na mchezo huu huu, akajibu kwa upole:
Si kosa. Tumekusudia.

Leo, chini ya daraja la hatua ya sita,
kwenye shimo lisilo njiani kwa mtu yeyote,
unalolifikia ukirudi kushoto tu, ukirudi sana,
mpaka muziki wenyewe uchoke,
niliruka.

Heb.

Nikaweka kidhibiti mezani.
Chai ilikuwa imeshapoa, ikaendelea kupoa.
Nikakishika, nikaruka tena. Heb. Mara arobaini, nadhani.
Sanae wa meza ya pili akavua spika zake za masikioni,
akanitazama, akazivaa.

Mwingine angenyamaza. Nami nilitaka kunyamaza,
Mungu wa mashimo ananijua.
Lakini nimekula wali wa mtu aliyeamka usiku wa manane
kutafuta yeni moja chini ya droo.
Nikafungua fomu.
Mahali: hatua ya sita, chini ya daraja.
Kosa: sauti ya zamani imesahauliwa hapa.
Uzito:
na hapo kuna madaraja matano ya kuchagua,
na kila aliye kwenye ghorofa hii anajua
kwamba la chini kabisa, wiki tatu kabla ya mchezo kutoka,
halina mkono utakaoligusa.

Nikachagua la chini kabisa.

Hesabu imekaa, baba. Kila yeni iko kitabuni.
Nikamgeuza Hayakichi pale shimoni,
tukaenda kulia.