Kilomita ya Arobaini na Moja

Saa tisa za usiku, Kuusamo,
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Nawasha greda la theluji, namimina kahawa,
nachomeka flashi aliyoisahau Eetu, mtoto wa kaka yangu.
Ameiandika kwa wino mzito: *Usiku, sehemu ya tatu.*
Ya kwanza na ya pili sijui ziko wapi.

Mwanzoni hakuna kitu.
Dakika nne za ngoma tupu,
kama jirani wa ghorofa ya juu anayetembea peku,
huku na huku, hana pa kwenda.
Nilimwambia Eetu: huu si muziki, hii ni mashine ya kufulia.
Akacheka. Shangazi, usiusikilize. Kaa nao tu.

Basi nimekaa nao, baridi ya tatu sasa.

Theluji inazijia taa, haiishi,
chuma kinaisukuma kando, lami inachungulia, inafunikwa.
Nikipita duka la Poussu lililofungwa
kinanda kinaingia bila hodi:
noti tatu,
na ya nne inakataa kuja.

Naingoja. Kilomita sita naingoja.
Inapofika, wimbo umekwisha kuwa mwingine,
wala sikuona ulipobadilikia.
Nilishona mapazia miaka kumi na mmoja, mshono naujua;
huu nimeupapasa gizani nikaukosa.

Mahali fulani mwanamke anasema neno moja,
lugha yake siijui.
Nimeamua maana yake ni *bado*.

Redio ya kazini inakoroma: Aune, upo?
Nipo, namjibu Marketta.
Simwambii nipo wapi.

Halafu kilomita ya arobaini na moja.
Huyo dijei, nani kamfundisha ukatili huu,
anaondoa ngoma. Anaondoa besi.
Anakuachia kitu chembamba, mvuke wa pumzi kwenye kioo,
na mguu wangu unaachia mafuta bila kuniuliza.

Usiku ule ndipo nilipowaona:
kulungu wawili katikati ya barabara,
macho yamewaka, pembe zimebeba theluji.
Nikakanyaga breki. Wakanitazama.
Hakuna aliyekuwa na haraka.
Kinanda kikapanda ngazi, kikasita, kikapanda tena,
tukawa watatu tunaoingoja besi.

Yule mkubwa akageuka kwanza.
Mdogo akamfuata, kwato moja, kwato ya pili,
na nyayo za mwisho zilipoiacha lami
besi ikarudi chini ya kiti changu,
ikanipanda mgongoni hadi kisogoni,
nami mwanamke wa miaka hamsini na tisa
nikapiga honi gizani, mara mbili, bila sababu.

Jumapili Eetu aliniuliza ni upi nilioupenda.
Majina yake siyajui, nikamwambia.
Ule wa kulungu.
Akaitafuta simu yake nzima.