Moja, Tatu, Nne, Mbili

Siku ya tatu hatusemezani, mimi na Dama,
na stima ya Muyeye imekatika tangu magharibi.
Kazi yangu ni kushika tochi.
Sikupewa kwa maneno: niliwekewa mkononi
kama mtoto anavyowekewa kijiko.

Pikapu ina kwikwi.
Ilianza Jumatatu, njia panda ya Gede,
madafu mia mbili na arubaini nyuma,
na mpishi wa hoteli anapiga simu kila dakika tano.
Ikakohoa, ikatetemeka, ikazima.
Nami wiki tatu nilikuwa nasema, "Kesho nanunua plagi."
"Kesho yako," alisema Dama,
"ina magurudumu ya udongo."
Hilo ndilo neno la mwisho alilonipa.

Baba yake alikuwa na gereji Kisumu Ndogo,
mabati matatu na shimo la kuingilia chini ya gari.
Dama alikulia shimoni humo,
akazijua spana kwa namba kabla ya kujua herufi.
Mimi ni mwalimu wa Jiografia.
Najua maji ya Sabaki yanatoka wapi.

Akaingia ndani kutafuta spana ndefu.
Nami, nikitaka kusaidia,
nikitaka hasa kuonekana nasaidia,
nikachomoa waya zote nne, huku na huku,
nikazipanga juu ya bampa kwa urefu.

Akarudi. Akaziangalia waya.
Akaniangalia mimi.
Mbwa wa jirani akanyamaza.

Hakusema. Akainama.
Plagi ya kwanza ikatoka bila ubishi,
kahawia kama mkate wa mofa.
Ya pili masizi matupu, sufuria ya kuni.
Ya tatu imekwama.
Akaitonesha mafuta, akangoja,
akaisemesha kwa upole ambao
sijausikia nyumbani humu tangu Jumatatu:
"Haya, mama. Taratibu. Nani kakukaza hivi?"
Ni mimi, mwaka juzi,
kwa nguvu zangu zote.
Ya nne imelowa. Sikuuliza maana yake.

Akafungua boksi la mpya.
Akachukua kipande cha msumeno wa chuma,
akakipitisha mdomoni mwa kila plagi,
kwenye kale kanafasi
panaporuka moto.
Moja ilibana, akaiinua kwa ncha ya kisu.
Nyingine pana, akaigonga kizingitini, tik.
Zikigusana, hakuna cheche.
Zikiachana mno, hakuna cheche.
Nilitaka kusema kitu hapo.
Nikanyoosha tochi.

Akaanza kuzifunga kwa vidole, bila spana,
maana hesi ikishapotoka
hakuna radhi inayoirudisha.

"Sema."
Nikashtuka, tochi ikamulika paa la choo.
"Niseme nini?"
"Mpangilio. Nimeuimba mara ngapi humu ndani?"

Kweli. Alipokuwa akimbembeleza Nyevu
hakuwa na wimbo mwingine:
moja, tatu, nne, mbili,
moja, tatu, nne, mbili,
mtoto anasinzia,
na mimi kitandani nadhani amekosea kuhesabu.
Mwalimu mimi. Nilimsahihisha.

"Moja," nikasema. Waya ikaingia, tak.
"Tatu." Tak.
"Nne."
Hapo nikasita, kidole chake kimegusa changu
kwenye raba ya waya, kina grisi, kina joto.
"Na iliyobaki?"
"Mbili."

Akazungusha ufunguo. Kimya.
Akazungusha tena. Chafya moja,
kuku wakahama uani.
Mara ya tatu, basi:
mlio mmoja, laini,
mchele ukimiminwa kwenye ungo.

Stima haikurudi.
Akanawa kwa sabuni ya unga na mchanga,
akasema saa kumi alfajiri tuwe Kakuyuni,
na kwamba bado hajanisamehe.
"Sawa," nikasema.

Nikabaki na tochi inayofifia,
nikiokota plagi kuukuu mchangani.
Ile iliyokwama nikaitia mfukoni.
Kesho darasani suruali itakuwa na doa,
na wale wa mbele, hawakosi,
wataniuliza.