Jicho la Mkorosho wa Saba

Walikufunga Jumatatu, vijana wawili kutoka Mtwara mjini,
kwa ngazi ya kuazima na misumari ya kwao,
ukapewa kisola kipana kama ungo
na laini ya simu tumboni.
"Mzee Nnunduma," wakasema, "sasa una mwenzio. Huyu halali."
Nikauliza: analipwa shilingi ngapi?
Wakacheka.
Mimi sikuuliza kwa kucheka.

Miaka kumi na minne nalinda shamba hili la Mahuta,
tangu marehemu Chinguile akitembea na sigara sikioni
mpaka leo mwanawe, Sikudhani, aliye Shangani huko,
analitazama shamba kiganjani akiwa kwenye foleni ya benki.
Mwezi uleule mshahara wangu ukakatwa nusu.
"Kazi imekuwa nyepesi, mzee."
Haya. Na mfuko nao.

Usiku wako wa kwanza, saa tisa, simu ikalia:
"Amka! Kuna mtu chini ya mkorosho wa saba!
Ana koti, ana panga, amechuchumaa!"
Mwanangu, nikamwambia, huyo ni mimi.
Nimetoka kujisaidia.
Akanyamaza muda mrefu, bando linakwenda.
Tangu siku hiyo navuka mpaka, naenda kwa Likwata,
ambako haja ya mtu ni siri yake.

Sikuchukii. Lakini yako mambo nikwambie,
maana tunakesha wote na wewe hutaki kuuliza.
Ua likishikwa na ubwiriunga hupoteza harufu,
nami hushtuka usingizini kwa kuikosa.
Bibo lililoiva huanguka pu, likatulia;
lililong'atwa na kima huanguka likigaagaa.
Na yule mnunuzi wa kangomba apitaye na baiskeli,
akisimama kuulizia mvua,
mtazame macho: anahesabu matawi.
Wewe ulimpiga picha ya kofia.

Mwezi wa kumi waliingia watoto wawili na ndoo ya rangi.
Niliwaona kabla yako. Nikafunga kamba ya kiatu,
nikaifungua, nikaifunga tena,
mpaka ndoo ikafika nusu wakaondoka.
Asubuhi Sikudhani: "Ni wa nani hawa?"
Nikasema picha ina ukungu.
Picha haikuwa na ukungu. Ilikuwa safi
hata kifungo kisichokuwepo shatini kilionekana,
na shati lile nalijua, nililinunua mimi mnadani,
likavaliwa na mwanangu kwanza, kisha likagawiwa kwa jirani.

Nikangoja anifukuze.
Ijumaa akapiga. Nikatoka nje kabisa, nikasimama wima
kama mtu anayesomewa hukumu.
"Mzee, mguu wako wa kushoto.
Unauburuta tangu Jumanne."

Nina mke. Nina wana watano.
Nina mkwe aliyesomea uuguzi, anapima presha za wilaya nzima.
Hakuna aliyeona.
Mimi mwenyewe nilidhani ni njia imeota visiki.
Akatuma nauli ya Ndanda na ya kurudi,
akatuma na ya dawa.
Ile nusu ya mshahara hakuirudisha.
Nimelala wodini siku nne nikizipima hizo mbili,
moja mkono huu, nyingine mkono huu,
na mizani haikutulia.

Leo nimerudi na bendeji mpaka gotini.
Malori ya ghalani yamepita tangu alfajiri,
vumbi jekundu limekufumba; hata mchana kwako ni magharibi.
Sikuagizwa. Nimeegemeza ngazi,
nimepanda kwa mguu mzima, nikauvuta ule mwingine,
nikakupangusa kwa pindo la koti
kama mtoto apanguswavyo makamasi, bila kuulizwa kama anataka.

Kisha nikasogea karibu, karibu sana,
ili Sikudhani, kama foleni yake bado ndefu,
aone tundu za pua tu
na ajue shamba lina mtu.